UDONGO WA WOTE, NYUMBA YA NANI?



Siku moja ya Mungu, nyuma ya ibada, wazee walipokuwa wanahesabu matoleo na akina mama wanafunga watoto mgongoni, neno moja lilizuka kati yetu chini ya mwembe, na watu hawakutaka tena kurudi nyumbani. Kijana mmoja, fundi wa kujenga, alisema: «Leta iko na udongo mwingi unaolala bure. Kwa nini haiwapi wenye makuta udongo huo, wajenge nyumba za bei ndogo? Sisi vijana tutapata kazi, na watu watapata pa kulala.»

Mama mmoja mjane, anayelea watoto wanne katika chumba kimoja cha kupanga, alimjibu kwa upole: «Mwanangu, udongo wa Leta ni udongo wangu pia. Ukishamkabidhi mwenye makuta, mimi nitaupata wapi tena?»

Kijana akasema: «Mama, hata sasa uko nao, na bado unalala chumba kimoja.»

Wengine walicheka. Mama hakucheka, na kijana mwenyewe, alipomwona, aliacha kucheka.

Tuliwaahidi wote wawili kwamba tutaandika juu ya neno hili. Kufundisha Leta hesabu zake si kazi yetu. Lakini swali la haki ni kazi ya kila mwamini, na swali ni hili: je, ni haki kuchukua udongo ulio wa watu wote na kumpa mtu mmoja mwenye nguvu ya kujenga, kwa kusudi kwamba maskini apate nyumba?

1. NJAA YA NYUMBA NI YA KWELI

Tuanze na kijana, maana maneno yake yalitoka katika mahitaji. Kolwezi ya leo si ile ya mwaka 1937, wakati Union Minière ilipouanzisha mji huu kwa ajili ya shaba. Tangu mwaka 2015 Kolwezi ni mji mkuu wa jimbo la Lualaba. Watu wanafika kwa sababu ya shaba na kobalti: wachimbaji, madereva, wachuuzi, wafanyakazi wa makampani, na jamaa zao zikiwafuata. Kila mmoja anatafuta pa kuweka kichwa. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya upangaji inasema kwamba garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi 3. Ninyi mnaosoma mnajua vema ni miezi mingapi mnayoombwa mlangoni.

Mtu anayejenga anahesabu vitu vyake: udongo, mchanga, matofali, sementi, manjanja, mafundi, na riba ya makuta aliyokopa. Kisha kuna vile ambavyo mnunuzi havioni haraka: barabara, mfereji wa maji ya mvua, bomba la maji, waya wa umeme. Ukiondoa bei ya udongo, hesabu inashuka. Ndiyo maana serikali nyingi za dunia zinawaambia wajenzi: sisi tunaleta udongo, ninyi leteni makuta na ufundi, na nyumba ziwe za bei ndogo. Wazo hilo si la kijinga. Udongo uliolala miaka ishirini ukiota majani haujamfunika hata mtoto mmoja wakati wa mvua. Mnakumbuka mtumishi yule wa Matayo 25 aliyeifukia talanta ya bwana wake ndani ya udongo. Talanta haikupotea, wala haikuibiwa, na bado bwana wake hakumsifu.

Basi kulinda udongo wa wote kwa kuuacha tu si haki. Hapo kijana alisema kweli.

Lakini kuna jambo moja ambalo kijana hakuliona, na lazima tulitazame taratibu. Bei ya nyumba haifuati gharama peke yake. Inafuata pia mfuko wa mnunuzi. Mjenzi aliyepewa udongo bure anaweza kujenga kwa gharama ndogo. Lakini akiisha kumaliza, nani atamlazimisha kuuza kwa bei ndogo? Hapa Kolwezi wako watu wanaolipwa kwa dola na makampani, na yako makampani yenyewe yanayotafuta nyumba kwa wafanyakazi wao wanaotoka mbali. Wakifika mlangoni na dola mkononi, na yule mama mjane akifika na franga alizofunga kwenye kitenge, mjenzi atamfungulia nani? Hatuhitaji kusema kwamba mjenzi ni mtu mbaya. Anafanya kama mfanyabiashara yeyote. Kama hakuna sharti, thamani ya udongo ule tuliotoa kwa ajili ya maskini inabaki mfukoni mwa mjenzi, na nyumba inakwenda kwa mwenye dola. Tutakuwa tumefanya matoleo, lakini si kwa yule tuliyemtaja katika sala.

2. UDONGO SI WA YULE ANAYEUGAWA

Mama mjane alisema: «Udongo wa Leta ni udongo wangu pia.» Je, alisema kweli?

Kwa desturi za babu zetu, shefu aliugawa udongo, hakuuuza. Mtu alipewa mahali pa kulima na pa kujenga; akihama, mahali pale palirudi kwa jamaa au kwa kijiji. Kisha wakafika wageni. Mwaka 1900 kuliundwa Comité Spécial du Katanga, nayo ikatawala udongo wa Katanga kwa faida ya wawili: theluthi mbili za Leta ya wakati ule, na theluthi moja ya Compagnie du Katanga. Babu aliyekuwa analala juu ya udongo ule hakuandikiwa theluthi yoyote.

Nyuma ya uhuru, sheria ya tarehe 7 Juni 1966, ile inayoitwa ya Bakajika, iliurudisha udongo mkononi mwa Leta. Kisha sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ikasema wazi kwamba udongo wote wa inchi ni wa Leta, na hauwezi kuuzwa. Leta inatoa haki ya kuutumia tu. Mkongomani anaweza kupewa haki ya daima. Makampani na wageni wanapewa haki ya muda, isiyopita miaka 25, ambayo inaweza kufanywa upya. Na mtu anayepewa kiwanja kipya anapewa kwanza mkataba wa muda, usiopita miaka 3, ili akiendeleze. Asipojenga, anaweza kunyang'anywa.

Tazameni jinsi sheria hiyo inavyofikiri. Kupewa udongo ni kupewa kazi, na asiyefanya kazi aliyopewa anarudisha. Sheria yenyewe imekwisha kukubali kwamba udongo unatolewa kwa sharti. Kwa nini basi sharti liwe kwa mtu mdogo mwenye lupango moja, na lisiwe kwa mjenzi mkubwa mwenye hekta nyingi?

Neno la Mungu linakwenda mbali zaidi. Katika Walawi 25:23 Mungu anakataza Israeli kuuza udongo kwa daima, kwa sababu udongo ni wake na wao ni wageni tu nyumbani kwake. Sikieni vema: mbele ya neno hilo gavana ni mgeni, burgumestre ni mgeni, mjenzi ni mgeni, na mpangaji ni mgeni. Je, mgeni anaweza kumpa mgeni mwenzake kitanda cha mwenye nyumba na kusema ni zawadi yake? Mkubwa anayetia sahihi kwenye karatasi ya kugawa udongo hatoi mali yake. Yeye ni mtunzaji tu. Kwa hiyo hana haki ya kushukuriwa kwa bahasha, na hana haki ya kumpendelea ndugu yake. Atatoa hesabu kwa mwenye udongo, na kwa watu ambao udongo ulitunzwa kwa ajili yao, pamoja na wale ambao hawajazaliwa.

Basi mama mjane naye alisema kweli.

3. MAMBO AMBAYO MJI HUU UMEKWISHA KUYAONA

Wapenzi, sisi wa Kolwezi hatuwezi kuzungumza neno hili kama watu waliozaliwa jana. Udongo wetu umekwisha kutufundisha mara nyingi.

Fundisho la kwanza ni la kambi. Union Minière, na baadaye Gécamines, ilipewa udongo na ikajenga nyumba kwa maelfu. Nyumba zilikuwa imara. Wengi wetu tulizaliwa ndani yake. Pamoja na nyumba kulikuwa na posho, shule na hospitali, hata watu wakaiita kampani baba na mama. Lakini nyumba ilishikwa na kazi, kama kamba inavyomshika mbuzi. Kazi ilipougua, nyumba nayo iliugua. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mwaka 1994 ilitoa karibu tani 30,000 tu. Mishahara ikachelewa miezi na miezi. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Wazee wengi waliulizana usiku: na nyumba je? Fundisho ni hili: nyumba ambayo uzima wake uko mkononi mwa mtu mmoja mkubwa itatetemeka siku mkubwa huyo atakapotetemeka.

Fundisho la pili ni la Kasulo. Mwaka 2014 mtu mmoja alichimba ndani ya lupango lake akakuta mawe ya kobalti. Muda mfupi mtaa mzima ulichimbwa, hata chini ya vitanda. Mwaka 2017 serikali ya jimbo ilipatana na kampani ya CDM. Mamia ya jamaa zilihamishwa, zikalipwa, na ukuta ukajengwa kuzunguka mahali pale. Vilevile watu wa Cité Gécamines, karibu na mgodi wa COMMUS ulioanza tena mwaka 2015, wamejikuta wakiondolewa katika nyumba zao. Amnesty International, pamoja na shirika la hapa kwetu IBGDH, waliandika mwezi wa Septemba 2023 kwamba wengi hawakupata malipo ya kutosha kujenga nyumba kama ile waliyoiacha.

Kwa nini yanatokea hivi? Kwa sababu sheria ya inchi yetu inatenga ngozi ya udongo na tumbo lake. Karatasi ya lupango inakupa ngozi. Tumbo ni la Leta, nayo inaweza kumpa mwingine ruhusa ya kuchimba. Ramani ya migodi imegawanya inchi katika miraba, kila mraba karibu hekta 85, na mraba mmoja unaweza kumeza mtaa mzima wenye shule na makanisa. Hapa ndipo Naboti anatufundisha (1 Wafalme 21). Mara nyingi tunasahau kwamba Ahabu alianza kwa kutoa bei nzuri: shamba lingine lililo bora, au makuta. Kulipa hakukuwa dhambi. Dhambi ilianza pale Naboti aliposema hapana, na hapana yake ikahesabiwa kuwa si kitu.

Fundisho la tatu ni la hapa petu Kingamyambo. Miaka mingi kiwanda cha kuchuja mawe cha Kolwezi kilitupa huku matope yake, na mengine katika bonde la Musonoi. Watu walisema ni takataka, ni udongo uliokufa. Kumbe ndani yake kulibaki shaba na kobalti. Takataka ile ikawa mali ya kugombaniwa: First Quantum iliingia mwaka 2006 kwa kuinunua kampani iliyokuwa na haki ile, mwaka 2009 haki ikaondolewa, kesi zikaenda mbele ya waamuzi wa mbali, na mwezi wa Januari 2012 kampani ya ENRC ikakubali kulipa dola milioni 1,250 ili kumaliza maneno hayo, pamoja na yale ya migodi ya Frontier na Lonshi. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba udongo fulani wa Leta ni mtupu, hauna kazi, afadhali utolewe upesi, mkumbuke Kingamyambo. Hakuna udongo mtupu. Kuna udongo ambao bei yake haijajulikana na wote kwa siku moja.

Fundisho la nne ni la machozi, na tunaliandika kwa toba. Mwaka 1992 na 1993 majirani wetu waliotoka Kasai, wengi wao waliozaliwa hapahapa, walifukuzwa. Maelfu walilala karibu na stesheni ya Kolwezi wakingojea treni, na wengi walikufa. Wengine waliingia katika nyumba walizoziacha. Siku nyumba mpya zitakapogawanywa, sauti ileile itauliza tena: «Huyu ni wa hapa?» Swali la Mungu kwa siku ile litakuwa lingine: «Huyu yuko na pa kulala?»

4. WENGINE WAMEJARIBU NAMNA GANI

Tutoke kidogo nyumbani, tuone wengine wanaotumia njia hii leo.

Huko Kenya, serikali ilitangaza mwaka 2017 kwamba nyumba 500,000 za bei ndogo zitajengwa kufika mwaka 2022, nyingi juu ya udongo wa umma, pamoja na wajenzi wenye makuta yao. Hesabu hiyo haikukaribiwa. Lakini nyumba kadhaa zilisimama. Katika mtaa wa zamani wa Pangani, mjini Nairobi, jamaa 48 zilizokuwa zinapanga nyumba za mji zilihamishwa, na mahali pao mjenzi akapewa kujenga nyumba 1,562. Kati ya hizo, 952 ziliwekwa kwa bei ndogo, na 610 kwa bei ya soko ili mjenzi apate faida yake.

Tufikiri juu ya hesabu hiyo. Mahali pa jamaa 48 panaweza kulaza jamaa zaidi ya 1,500. Hilo ni jambo kubwa, na anayelipinga ajibu mbele ya wale wasio na nyumba. Tena katika kila nyumba 10, karibu 6 ni za bei ndogo na 4 ni za soko. Hilo ni patano lililoandikwa, na kila mtu anaweza kulihesabu kwa vidole. Lakini bei ndogo ni ndogo kwa nani? Mwenye mshahara wa kila mwezi anaweza kulipa kidogo kidogo. Mama anayeuza mboga sokoni, bei hiyohiyo kwake ni mlima. Na kwa sheria iliyotiwa sahihi tarehe 19 Machi 2024, kila mfanyakazi wa Kenya anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba hizo, na mwajiri anaongeza kiasi kilekile. Wako wanaokatwa ambao hawataingia kamwe katika nyumba hizo. Sheria ileile imeweka jambo moja la akili: aliyenunua nyumba hiyo hawezi kuiuza apendavyo bila ruhusa ya bodi.

Huko Bulaya, mji wa Vienna ulianzisha mwaka 1984 mfuko wa kununua na kutunza udongo kwa ajili ya nyumba za watu. Tangu mwaka 1995 wajenzi wanashindana kuupata. Lakini hawashindani kwa kuongeza bei ya udongo, kama sokoni. Waamuzi wanaangalia gharama atakayobeba mkaaji, uzuri wa ujenzi, mazingira, na tangu mwaka 2009 namna majirani watakavyoishi pamoja. Anayeshinda ni yule aliyeahidi mema zaidi kwa mkaaji, na ahadi yake inaandikwa.

Kwa hiyo swali la kumpa au kutompa mjenzi udongo halitoshi. Lazima tuulize anaupata kwa ahadi gani, na nani atamkumbusha ahadi ile.

5. UDONGO ULIOTOLEWA NI DENI

Sasa tunasema wazi tunavyoamini. Kumpa mjenzi udongo wa wote ili maskini akae inaweza kuwa haki, kwa sharti kwamba udongo ule haukuwa zawadi, bali deni. Na deni hilo halilipwi kwa mkubwa aliyetia sahihi. Linalipwa kwa mtu ambaye bado hana nyumba.

Deni liandikwe kabla udongo haujatoka: nyumba ngapi, bei gani, kwa watu wa mapato gani, kufika mwaka gani, na muda ukipita, udongo urudi. Karatasi hiyo isomwe mbele ya watu, kwa lugha wanayoisikia, si kwa Kifaransa tu ndani ya ofisi iliyofungwa. Faida ya mjenzi iandikwe pia. Hatumwonei wivu, Bwana alifundisha kwamba mfanyakazi ana haki ya mshahara. Lakini na mafundi wake walipwe kwa wakati, maana Yakobo 5:4 anasema mshahara uliozuiwa unalia mpaka kwa Mungu.

Aliye juu ya udongo asikiwe kwanza. Mara nyingi mahali panapoitwa pa Leta pana mtu: mama mwenye shamba la mihogo, jamaa yenye kibanda. Apate pa kukaa kabla ya kuvunjiwa. Ahadi ya kurudi baadaye haimfuniki mtoto leo.

Tumbo la udongo liulizwe kabla ya ngozi. Hapa Kolwezi, kujenga nyumba za maskini juu ya mraba wa mgodi ni kuwaita watu waje kulia mara ya pili. Mkubwa anayegawa udongo aonyeshe kwanza ramani ya migodi.

Tena, neno lililo gumu kuliko yote: nani atazuia nyumba hizo zisiuzwe kesho? Tusome Walawi 25:15-16. Sheria ya Musa ilitaka watu wauziane shamba kwa kuhesabu miaka ya mavuno inayobaki mpaka mwaka wa yubile; miaka mingi, bei kubwa, miaka michache, bei ndogo. Maana yake watu waliuziana kazi na mavuno, wala si udongo wenyewe. Ile ndiyo njia tunayoiona kuwa ya haki kwa nyumba hizi pia. Aliyepata nyumba juu ya udongo wa wote, akitaka kuondoka, arudishiwe alicholipa na alichojenga kwa mikono yake. Lakini bei ya udongo, ambayo hakuilipa, asiiuze. Iende kwa maskini anayefuata mlangoni.

6. NA SISI WENYEWE

Ingekuwa rahisi kumalizia hapo, tukiwa tumewahukumu wakubwa na wajenzi. Lakini Roho hatuachi.

Kuna ndugu mmoja kati yetu aliyepata kiwanja wakati viwanja vilipogawanywa kwa bei ndogo. Tulimshukuru Mungu pamoja naye, tukaimba. Hata mwaka haukuisha, akakiuza kwa mfanyabiashara kwa bei ya mara nyingi, na sasa anapanga tena. Wazee walipomwuliza, alisema: «Mtoto alikuwa mgonjwa. Mlitaka nimtazame akifa, karatasi ya kiwanja iko mkononi?»

Hatukuwa na jibu, na hatuoni haya kulikiri. Hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kumwambia kwamba alifanya vibaya kumponya mtoto. Lakini tangu siku ile tumefikiri sana, na tunaona kosa mahali pengine. Ndugu huyo aliuza kile kilichowekwa kwa ajili ya maskini wengi, kwa sababu sisi, jamaa yake katika Kristo, hatukuwa na sanduku la kumkopesha siku ile. Pasipo msaada wa jirani, kila sharti zuri la udongo litavunjwa na ugonjwa wa kwanza. Serikali inaweza kuandika kwamba nyumba isiuzwe. Ni sisi tunaoweza kufanya mtu asilazimike kuiuza.

Na kuna jambo lingine. Katika miji yetu makanisa mengi yamejengwa juu ya udongo wa wote: kando ya uwanja wa shule, mahali pa kupitisha maji, bustani ya watoto. Tukidai masharti kwa wajenzi, tukubali kuulizwa sisi pia. Kama kanisa limepewa udongo wa wote, nalo lina deni lilelile. Kiwanja chenye nyumba ya sala inayofunguliwa mara mbili kwa juma, na ukuta mrefu siku zingine zote, kinatufanya tuwe yule mtumishi aliyefukia talanta.

KWA KUMALIZA

Kijana na mama wanakaa bado katika kusanyiko letu. Kijana anataka udongo ufanye kazi. Mama anataka udongo usipotee. Tumeona kwamba wote wawili wanataka haki, kila mmoja akishika upande wake. Udongo uliofukiwa haumsaidii mama, na udongo uliotupwa mkononi mwa mwenye nguvu utampa kijana kazi ya mwaka mmoja tu, kisha yeye mwenyewe hataweza kupanga nyumba aliyoijenga. Yeremia 22:13 ana ole kali kwa mtu anayejenga nyumba kwa udhalimu. Isaya 65:21-22 inatuonyesha siku nyingine, ambapo aliyejenga ndiye anayekaa. Fundi wetu kijana angeweza kuanza na ombi hilo: kwamba katika nyumba kumi atakazozipandisha, moja angalau iwe ya mtu kama yeye.

Siku wakubwa wa komini ya Dilala au ya Manika watakapowaita watu kusikia habari ya udongo kutolewa kwa wajenzi, msibaki nyumbani mkisema ni mambo ya dunia. Nendeni. Muombe karatasi isomwe. Muulize juu ya miraba ya mgodi. Muulize jina la mama anayelima pale.

Na wakati mnangoja siku ile, mzungumze nyumbani maswali haya:

– Je, kuna kitu nilichopewa kwa ajili ya wengi, nami nakishika kama changu peke yangu?

– Kama jirani yangu angelazimika leo kuuza lupango lake kwa sababu ya ugonjwa, je, angekuja kwanza kwangu? Kama sivyo, kwa nini?

– Udongo wa nyumba yetu ya sala unamfaa nani siku zisizo za ibada?

Mungu, mwenye udongo wote, awalinde katika kila nyumba, ya tofali na ya majani, yenu na ya kupanga. Amani.